Embe Dodo na Kesi ya Ndoo ya Bluu

Kama una mke, watoto, mama mkwe na ndoo yenye mfuniko, sogea hapa karibu yangu tuliwazane. Kama ndoo huna, usinunue.

Mke wangu, Mama Neema, kimoyomoyo namwita VAR. Refa wa kawaida akikosea amekosea, mpira unaendelea. VAR hana haraka. Jambo limetokea asubuhi, watu wameshakula, wameshalala usingizi wa mchana, yeye jioni anajifunga kanga vizuri, anakaa kwenye kigoda na kuurudisha mkanda: "Haya, tuanze pale ulipotoka bafuni." Ni Mchagga wa Kibosho, mimi Mpare wa Usangi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujawa wachumba. Kwao wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Huwa nakanusha. Ila hiki kisa, utaona mwenyewe, kiliishia kuwa kesi ya ndoo, na aliyeifungua ni mimi.

Ngoja kwanza nikutajie wenye nyumba. Neema, wa kidato cha pili, ni Profesa: ukisema neno analitafutia ushahidi kwenye simu, tena simu yangu, kwa bando langu. Baraka, wa darasa la nne, ni Bodaboda, maana hajui kutembea. Wa mwisho ana miaka minne na jina lake la ubatizo tunalikumbuka tukienda kliniki tu. Siku zote ni Kidole. Hakuna keki, rangi mbichi wala tundu la ukuta ambalo kidole chake hakijapita. Halafu yupo shemeji yangu, mdogo wake VAR, aliyekuja kwetu Kimara kwa wiki mbili za kutafuta kazi, mwaka ule wa korona. Huyo ni Mizani. Malori yana mizani yao barabarani, sufuria zetu zina yeye. "Shem, napima chumvi tu." Anapima chumvi hadi nyama inaisha.

Bia ya nyumbani nilianza mwaka juzi, baada ya mwenzangu mmoja kazini kunionjesha ya kwake. Siyo gongo, tuelewane mapema. Hakuna bomba la kupindapinda wala moto wa usiku wa manane. Ni kimea cha ulezi na mtama, maji, hamira, na hopsi ambazo mwenzangu huyo huniletea kwenye pakiti kama majani ya chai. Ukiniuliza, ni mbege iliyopelekwa shule ya bweni: imefundishwa kunyooka, kunyamaza na kuvaa kizibo. Sufuria naazima kwenye kikundi cha VAR, ile ya shughuli. Ndoo ninazo mbili, nyeupe na bluu, zote zilikuja na mafuta ya kula. Mfuniko nimeutoboa nikapitisha mpira wa dripu, ncha ya pili inazama kwenye chupa ya soda yenye maji, ili hewa ya ndani itoke kwa mapovu na ya nje isiingie. Siku nilipokwenda kuununua ule mpira, dada wa duka la dawa aliniuliza kwa huruma mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia kesho ataanza kutoa mapovu. Hajawahi kunichangamkia tena.

Na mambo yalikuwa mazuri! Bia nne za kwanza zilitoka safi. Niliwahi kusoma kwamba adui wa mpishi wa bia ni uchafu, basi nikawa mtu wa maji ya moto na klorini. Ndoo inasuguliwa, mwiko unachemshwa, mfuniko unasuuzwa mara tatu. VAR alikuwa akiniangalia tu kutoka mlangoni. "Siku utakayoosha vyombo vya chakula hivyo, niite nipige picha."

Sasa, uani kwetu kuna mwembe dodo. Ukishaishi na mwembe dodo Desemba hutamwonea mtu wivu. Maembe yanaangukia bati usiku, ti! ti!, kama mwenye nyumba anayedai kodi. VAR alitengeneza juisi, akatengeneza achari, akagandisha barafu za embe za kuuzia watoto wa mtaa, akagawa kwa majirani mpaka majirani wakaanza kufunga geti wakimwona na beseni. Siku moja akasimama uani, nzi wakimzunguka, akasema: "Baba Neema, wewe unajiita fundi. Fanya kitu na haya maembe."

Ukimwambia mwanamume mwenye ndoo "fanya kitu", umeshampa ruhusa.

Nilikuwa nimesoma kwamba watu huweka matunda kwenye bia. Kanuni ni kwamba huweki matunda mwanzoni. Unaiacha bia ichachuke kwanza, itulie, ndipo unayaweka, kwa sababu wakati huo mle ndani kuna ulevi, kuna ukali na kuna uchungu wa hopsi, vitu ambavyo vijidudu vingi havivipendi. Kweli kabisa. Ila mimi ile "vingi" niliiruka. Nikapiga hesabu yangu: ulevi asilimia 5. Kijidudu kitakachothubutu kuingia mle kitalewa, kitaimba, kitakufa. Lita 15 za bia, kilo 3 za embe.

Mizani, ambaye hajawahi kumiliki hata jagi la barafu, akanipa ushauri wa kitaalamu. "Shem, yagandishe kwanza. Baridi inaua kila kitu." Nikaona hoja. Nikayamenya pale jikoni, haraka haraka, vipande nikavisukuma kwenye friza la VAR, kati ya mfuko wa vibua na barafu za ubuyu, vikalala humo siku mbili. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba baridi haiui, inalaza. Kugandisha embe kuna faida yake: barafu hupasua nyama ya tunda, likiyeyuka linatoa maji yake yote vizuri. Lakini vile vijidudu na hamira za porini vilivyokaa kwenye ganda tangu embe likiwa mtini, vikabebwa na kisu hadi ndani, vyenyewe vinajikunja, vinasinzia, na siku ya kuyeyuka vinaamka na njaa ya siku mbili.

Ikafika siku ya kazi. Niliamka mapema, nikanywa chai na viazi vitamu, nikashushia bakuli la mtindi ambao VAR hununua kwa mama mmoja wa jirani, halafu nikaingia stoo. Maembe nikayatia ndoo ya bluu. Ndoo nyeupe nikaipandisha juu ya kreti, nikatumbukiza mpira, nikavuta kwa mdomo mpaka bia ikaja, nikaielekeza chini. Ikateremka taratibu juu ya yale maembe, rangi ya asali juu ya rangi ya jua. Nilimwita VAR aje aone. Akasema ana vitunguu motoni.

Stoo yetu Desemba ni nyuzi 31, na bia ingependa 20, kwa hiyo ndoo naikalisha kwenye karai la maji na kuivalisha gunia bichi. Kila nikitoka kazini naingia kulimwagia gunia maji. Na kwa kuwa nimeshafika, nafunua mfuniko kidogo, nachungulia. Wewe usingechungulia?

Siku ya nne nilikuta kikao sebuleni. Profesa amesimama, analia. VAR ameshika mikono yake na kuikagua kucha moja moja.

"Stoo inanuka asetoni," VAR akaniambia. "Mwanao anapaka rangi ya kucha kwa siri. Kidato cha pili! Halafu anaficha stoo."

"Sijapaka, mama! Tazama!"

"Umeshafuta. Ndiyo maana inanuka asetoni."

Hoja hiyo huiwezi. Ushahidi kwamba hujafanya ndiyo ushahidi kwamba umefanya. Nikaenda stoo kunusa mwenyewe na nikakuta kweli: embe kwa mbali, siki kwa karibu, na katikati harufu ya saluni ya Jumamosi. Nikafunua mfuniko. Juu ya bia palikuwa na utando mweupe, mkavu, wenye mikunjo, kama ule wa uji uliosahauliwa mezani, na chini yake mapovu makubwa yamenaswa yanatazama juu kama macho ya chura. Vipande vya embe vilivyoelea vilikuwa vimevaa huo utando kama shuka. Pembeni mwa mfuniko, vinzi vya matunda vilikuwa vinatembea bila wasiwasi, kama watu waliokuja kwenye kiwanja chao.

Nilirudi sebuleni nikamwomba Profesa msamaha kwa niaba ya ndoo. Hamira za porini, zile zinazoishi kwenye maganda ya matunda, zikipewa sukari na hewa hutengeneza kitu chenye harufu ileile ya kufutia kucha. Mtoto alikuwa hana hatia. VAR hakuomba msamaha. Alisema kucha zake zilihitaji kukatwa hata hivyo.

Hapo ndipo Upare wangu ulipoamka. Bia nne safi, ya tano imeingiliwa: lazima kuna mtu. Nikafungua kesi.

Mshitakiwa wa kwanza, Kidole. Alikiri kabla sijamaliza swali. Aliingiza kidole, akalamba, "mbaya", akaingiza tena kuhakikisha. Lakini Bodaboda akatoa ushahidi kwamba hilo lilitokea jana, na harufu ilianza juzi. Kidole akaachiwa. Akaenda moja kwa moja kwenye sukari.

Mshitakiwa wa pili, Mizani. Alikutwa na kikombe cha bati stoo. Alijitetea kwamba alikuwa anapima. Mara ngapi? Akatazama dari. Kikombe kilikuwa kimeoshwa? Akatazama dari nyingine.

Nikaona kesi inanipendeza. Nikaanza hotuba, maana hotuba ni ugonjwa wetu. Nikamweleza Mizani habari za Louis Pasteur, Mfaransa aliyezikagua bia zilizoharibika kwa darubini akaonyesha kwamba ndani yake kuna viumbe vingine visivyo hamira, akaandika kitabu kizima juu ya bia mwaka 1876. Na unajua kilichomsukuma? Wajerumani walikuwa wamewapiga Wafaransa kwenye vita vya 1870, na hao Wajerumani ndio waliokuwa mabingwa wa bia. Basi Pasteur akaapa kuwapatia Wafaransa bia bora kuliko ya Wajerumani, kwa kisasi tu. Mtu amebeba kinyongo mpaka kimekuwa sayansi. Nikawaambia huyo mzee, hata kama alizaliwa Ufaransa, babu yake lazima alipitia Usangi.

"Umemaliza?" VAR akauliza. Akavuta kigoda. Nikajua kwamba nimekwisha. "Haya. Tuanze Jumamosi asubuhi. Ulikula nini?"

"Viazi."

"Na?"

"...Mtindi."

"Halafu bia uliitoa ndoo hii kwenda ile kwa kutumia nini?"

Profesa, ambaye alikuwa bado na kinyongo cha kucha, akadaka. "Alivuta mpira kwa mdomo. Nilimwona. Mtindi ulikuwa bado kwenye sharubu."

Ndugu yangu, nilinyamaza. Mtindi ni maziwa yaliyojaa bakteria wanaogeuza sukari kuwa ukali. Hiyo ndiyo kazi yao na wanaifanya vizuri. Nilikuwa nimeosha ndoo kwa klorini, nimechemsha mwiko, nimesuuza mfuniko mara tatu, halafu nikaibusu bia yangu na mdomo wa mtindi. VAR akaendelea, sauti ya upole, ile mbaya zaidi. Maembe uliyaosha maganda kabla ya kumenya? Hapana. Ulikatia ubao upi? Ule wa jikoni. Ubao uliokatiwa nini jana yake? Vibua. Na kila jioni ulifunua ili iweje?

"Nichungulie."

"Amechungulia," VAR akawaambia wanawe, kama anayesoma hukumu.

Nikajaribu rufaa. Nikasema Wabelgiji bia kama hii wanaitafuta kwa makusudi. Pale Brussels kuna kiwanda kinaitwa Cantillon, cha tangu mwaka 1900, bia yao wanaimimina kwenye chombo kipana darini, wanaiacha wazi usiku kucha iingiliwe na kila kinachopita hewani, wanailaza kwenye mapipa, nyingine wanaitia cheri, na watu wanapanda ndege kwenda kuionja. Kwa hiyo mimi sijaharibu, mimi nimefanya Kibelgiji. Nikamwona VAR anayumba kidogo. Lakini Profesa alikuwa na simu yangu mkononi. "Baba, hapa inasema wanapika miezi ya baridi tu. Kukiwa na joto wanaacha, kwa sababu vinaingia vijidudu vibaya."

"Kimara kuna baridi ya Brussels?" VAR akauliza. Rufaa ikatupwa, pamoja na gharama.

Kesho yake akaingia Mkemia Mkuu. Desemba, kama unavyojua, Wachagga wote wanapanda Moshi, barabara inajaa mpaka wenye mabasi wanatabasamu. Mama mkwe wangu yeye alishuka. Alikuwa na miadi ya macho huku Dar, akapishana na ukoo mzima njiani akiwapungia mkono. Alishuka na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa, na vipande vya gamba la msesewa ndani ya gazeti, maana hasafiri bila msesewa, ule mti mchungu unaotiwa kwenye mbege. Sijui alidhani Dar atapika mbege wapi. Au alijua.

Nilimwamkia, akaitikia, akanusa hewa kabla ya kukaa. "Baba Neema. Nini kimechacha humu?"

Nikamwongoza stoo kama daktari anayemwongoza bingwa wodini. Akaomba kijiko na maji yanayochemka, akakitumbukiza kijiko, akakikung'uta. Akausukuma utando pembeni taratibu, akatazama rangi yake kwa jicho lile ambalo eti ni bovu. Akaeleza, huku anaangalia, kwamba ingekuwa na manyoya, au madoa ya kijani na meusi, tungemwaga ndoo nzima shambani na kuifukia. Huu ni mweupe, umekunjamana, hauna manyoya. Akaonja. Akakunja uso, akakunjua, akaonja tena.

"Maembe uliyachemsha?"

"Hapana, mama. Yaligandishwa."

Akanitazama muda mrefu. "Baba. Mbege ni pombe ya nini?"

"Ya ndizi na ulezi."

"Ndizi siyo tunda?"

Nilihisi sakafu inasogea. Miaka yote hii nakunywa mbege kwenye harusi, misiba na mahari yangu mwenyewe, na haijawahi kunipitia akilini kwamba ni bia ya matunda. Nilikwenda kutafuta Brussels kitu ambacho mama mkwe wangu anakipika Kibosho kwa kuni.

"Ndizi tunazichemsha kwanza," akasema. "Zinachemka mpaka zinabadilika rangi. Halafu ndiyo mengine yanafuata."

Nikajitutumua. Nikamwambia lakini mama, mbege nayo inachachuka wazi, na vijidudu vinaingia. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wanaingia sana! Lakini mbege hailazwi stoo, baba. Ikiwa tayari, watu wameshafika, wamekaa. Leo inanywewa, kesho imeisha. Dawa ya mdudu ni wanywaji. Wewe umeiweka kama pesa za benki, unangoja izae."

Jioni hiyo tukachemsha embe la mfano, darasa la mtu mmoja. Mimi nikasema nimesoma kwamba si lazima litokote. Nyuzi 70 kwa robo saa zinatosha kuua, na likitokota sana ule utomvu unaogandisha jemu unalegea na kuichafua bia isiwe angavu. Akasema sawa, pima. Kipimajoto pekee cha nyumba hii ni kile cha kumpimia Kidole homa. Nikakitumbukiza. Kikapiga kelele, kikaandika H, kikazima moja kwa moja. Mkemia Mkuu hakusema kitu. Aliinamia sufuria, akanionyesha vipovu vidogo pembeni na mvuke unaopanda kwa unyoofu. "Hapo. Ina moto lakini haijacheka. Ishikilie hapo."

Kuhusu ndoo ya bluu hukumu yake ilikuwa fupi. Bia hairudi, lakini siki inakuja. Toa maembe, uache mfuniko, funika kwa kanga safi ili ipumue na vinzi visipite, iweke gizani, isahau. Yule bakteria wa siki anakula ulevi na anataka hewa, mpe. "Na usiitie kwenye chupa," akamalizia, "bado ina kazi tumboni."

Sasa hapa ndipo mimi na wewe tuongee kama wanaume. Lita 15, mtu upoteze zote? Usiku, wamelala, nilichota chupa nne za kioo, nikazibana vizibo, nikazifunga kwenye gunia na kuzificha nyuma ya mifuko ya mkaa. Niliwaza zikikaa zitatulia. Lakini sukari ya embe ilikuwa bado imo, na zile hamira za porini zinakula hata yale mabaki ambayo hamira ya bia huyaacha sahanini. Zilikula siku tano, zikipumua gesi ndani ya chupa iliyozibwa.

Saa nane usiku nyumba ilipiga mshindo. Halafu wa pili. Bodaboda alifika chini ya kitanda chetu kabla sauti haijaisha. Mizani alipiga kelele "Transfoma!" VAR alikaa kitandani, akanitazama mimi, siyo dirisha. Na kutoka chumba cha watoto, bila hata kuamka vizuri, sauti ya Mkemia Mkuu ikasema: "Ni ile bia."

Alfajiri mjumbe wa shina akaja na watu wawili na tochi. Nikamweleza ni chupa. Akauliza chupa za nini. Nikasema za embe. Akanusa, akatazama vioo vilivyochoma mifuko ya mkaa, akatazama mkaa uliolowa, akamgeukia VAR kwa heshima: "Mama Neema, pole sana." Mimi hakunipa pole. Mkaa ule ulikauka wiki nzima juani, na chakula chetu cha wiki ile kilinukia embe.

Wiki saba baadaye ndoo ya bluu ilikuwa siki. Na siyo siki ya mchezo, rangi ya kahawia ya dhahabu, kali, na mwishoni ulimi unakutana na embe dodo. VAR aliitia kwenye kachumbari siku ya kikao cha kikundi. Wamama walikula kachumbari wakaacha pilau. Ndani ya wiki moja yote iliisha kwa chupa ndogondogo, na Mkemia Mkuu akatumiwa lita mbili kwa basi. Hata kijiko cha kuanzishia nyingine hakikubaki. Kilichobaki ni daftari la VAR lenye oda 11.

"Baba Neema," akaniambia, kwa sauti laini ambayo mara ya mwisho niliisikia fungate, "haribu nyingine."

Nikamwambia mimi ni fundi, siharibu kwa oda. Akanionyesha daftari. Nikaenda kununua kimea.

Maembe yalikuwa yamekwisha, nikatumia mananasi ya Kiwangwa. Nikapika, ikachachuka, ikatulia. Nikaita familia stoo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii, Kidole aliitwa rasmi, mbele ya mashahidi, aingize kidole kwenye ndoo. Akakunja mikono nyuma. "Sitaki." Tukamwahidi biskuti. Akaomba biskuti kwanza, akala, akakimbia. Mfuniko nikauacha wazi. Nikachungulia kila siku, mara mbili kwa siku. Siku ya sita bia ilikuwa safi kama machozi, inanukia nanasi, na juu yake hakuna hata kijiutando cha kusingiziwa.

Nilikwenda kazini nikiwaza nimekosea wapi. Niliporudi, ndoo ilikuwa nusu. Pembeni yake Mizani amekaa juu ya kreti na kikombe cha bati, macho yamelegea kwa furaha. "Shem," akasema, "nimepima. Hii ndiyo yenyewe."

VAR alikuwa mlangoni na daftari lake. Akamtazama mdogo wake, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akavuta kigoda.

"Haya. Mananasi uliyafanyaje?"

Na hapo ndipo nilipokumbuka sufuria, vipovu vidogo pembeni, mvuke unaopanda kwa unyoofu, na mimi nimeshika mwiko robo saa nzima nikihesabu, kama nilivyofundishwa.